Lamineti haitaki maji ya ndoo: jibu kwa aliyehamia Najjera

Dada uliyeuliza kuhusu nyumba ya kupanga Najjera: umesema sebuleni na vyumbani kuna lamineti, jikoni vigae, kila ukipiga deki inabaki michirizi myeupe, na tangu mvua zianze maungio karibu na mlango wa veranda yamevimba. Unataka kujua ununue sabuni gani. Mimi naona uipunguze hiyo uliyonayo, na maji uyapunguze zaidi. Nasimamia usafi wa nyumba za kupangisha hapa Kampala, miaka sasa, na lamineti nyingi nilizoona zimekufa ziliuawa na watu wasafi.

Lamineti si mbao, hata kama mwenye nyumba alikwambia hivyo. Ndani ni unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao, na juu kabisa ngozi nyembamba ngumu. Hapo juu maji hayapiti. Yanapita kwenye maungio na chini ya skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, na ule unga ukinyonya maji unavimba, wala haurudi ulivyokuwa. Usidhani utaita fundi apige msasa kama mbao halisi, maana akikwangua kidogo tu ameondoa picha. Sakafu hizi zilibuniwa Sweden miaka ya 1970, kwa watu wanaovua viatu mlangoni. Sisi tumezileta Kampala tukaziosha kama simiti: mwaga ndoo, sugua, vuta maji kwa skwizi mpaka kibarazani. Nimekulia Arua kwenye nyumba ya simiti nyekundu, na utamu wa deki ya maji mengi naujua. Kwenye lamineti usahau.

Adui wa pili ni vumbi letu. Udongo mwekundu wa Kampala una chembe za mchanga ndani yake, na chini ya soli ya kiatu au mguu wa kiti zinafanya kazi ya msasa. Ile sakafu inayofifia pale tu watu wanapopita, huku chini ya kochi bado inang'aa, imelika. Sabuni haitaurudisha mng'ao huo. Tena ukililowesha vumbi kabla ya kulifagia, unakoroga tope jembamba linaloingia kwenye mistari ya maungio na kukaa humo. Kwa hiyo kila siku ni kufagia kukavu tu, kwa ufagio wa nyuzi laini. Wa njiti uache uani. Weka kizulia kigumu cha makumbi nje ya mlango na cha kitambaa ndani, viatu vibaki hapo. Bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti.

Deki yenyewe mara moja au mbili kwa wiki inatosha, labda uwe na watoto wadogo. Mabeseni mawili: moja lina maji lita tano hivi na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, la pili maji matupu. Chovya kitambaa cha maikrofaiba kwenye la kwanza, kikamue kwa mikono miwili, ukunje, ukamue tena. Kipime hivi: kining'inize juu ya beseni, kikidondosha hata tone moja bado hakijafaa. Futa kwa kufuata urefu wa mbao, ukianzia kona ya mbali ukirudi mlangoni. Kitambaa kikichafuka kisuuze kwenye beseni la pili, siyo la kwanza. Sehemu uliyofuta iwe imekauka ndani ya dakika moja. Ukiona bado inameta maji, pitisha taulo kavu hapo hapo. Maji yakishakuwa mekundu, mwaga, chota mengine.

Binti mmoja niliyekuwa namfundisha aliniangalia nikifanya hivyo akasema, "Mama, bila povu si umepangusa tu?" Nilimpa kitambaa cheupe apitishe sehemu aliyoosha yeye kwa povu na sehemu yangu. Kwenye sehemu yake kilitoka kinateleza, kina ukungu wa kijivu. Hiyo ndiyo michirizi yako. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na hayana chokaa nyingi, kwa hiyo weupe huo karibu kila mara ni sabuni iliyokauka. Kuutoa: maji ya vuguvugu lita nne na nusu kikombe cha siki nyeupe, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kipande kwa kipande, ukikausha kwa taulo. Jaribu kwanza nyuma ya mlango. Fanya mara moja kuondoa utando, usiifanye desturi, kwani siki ya kila wiki nayo inafifisha.

Kuna vitu sitaki kuviona karibu na lamineti: Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), dawa ya choo, sabuni ya unga, nta na polishi za kung'arisha, na mashine ya deki ya mvuke. Mafuta ya taa kwenye maji ya deki, ambayo wengine huweka wakisema yanafukuza wadudu, yanaacha utelezi na harufu, na ni moto unaosubiri kiberiti. Na tafadhali, Jik usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi hazina dirisha la maana.

Utomvu wa matoke ndio doa letu hasa. Mtu akikaa chini kumenya, matone yanaanguka bila kuonekana, kesho yake ni madoa meusi yanayonata. Tandika majani au gazeti. Ukichelewa, usichukue kisu wala wavu wa chuma. Weka tone la mafuta ya kupikia juu ya doa, yaache dakika chache, sugua kwa kitambaa, kisha futa mafuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Ni ujanja ule ule wa kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Kwa wino wa kalamu tumia spiriti kidogo kwenye pamba.

Vigae vya jikoni havina makuu, maji vinavumilia. Ile mistari ya saruji katikati ndiyo inashika mafuta, hasa msimu wa kukaanga nsenene, wale panzi wetu. Uji mzito wa magadi ya kuokea na mswaki wa zamani vinatosha, kisha suuza. Kama kuna terazo mahali, siki na ndimu marufuku, asidi inakula zile chembe za marumaru.

Sasa huo uvimbe. Angalia umekaaje kabla hujamlaumu dada wa kazi. Kama kingo za maungio tu ndizo zimeinuka, na ni karibu na mlango, maji yametoka juu: mvua inasukumwa na upepo chini ya mlango wa veranda. Funga mpira chini ya mlango. Kama ni katikati ya chumba pamenyanyuka na ukikanyaga panadunda, fundi alibana mbao ukutani. Lamineti hutanuka hewa ikiwa na unyevu, na inahitaji nafasi ya milimita 8 hadi 10 kila upande, ile inayofichwa na skatingi. Hapo mbao za pembeni hupunguzwa na sakafu hulala yenyewe. Lakini ukiona imevimba kando ya ukuta mzima na chumba kinanuka ukungu, na nyumba iko bondeni, unyevu unapanda kutoka chini, pengine nailoni ya kuuzuia haikutandikwa chini ya lamineti. Hilo ni la mwenye nyumba.

Kwa maelezo yako naona ni la kwanza. Piga picha leo, zenye tarehe, umtumie kabla hajasema ni wewe, kisha umuulize kama kuna mbao zilizobaki stoo. Kama zipo na sakafu ni ya kubana bila gundi, fundi anaifungua kuanzia ukuta ulio karibu na mlango, anabadilisha zilizovimba tu na kurudisha nyingine.