Fundi anataka kupima jiwe kabla ya makabati

SWALI: Mzee, habari za Kampala. Mi niko Arua, tunamalizia nyumba na nataka kaunta ya graniti nyeusi jikoni. Fundi wa mawe anasema apime sasa hivi, ukuta ukiwa wazi, ili jiwe lije kwa lori moja na makabati tuokoe pesa ya usafiri. Tena anasema nichukue ya milimita 20, ni bei nafuu. Nimkubalie?
Mama wa Watatu, Arua

JIBU: Mama, hiyo ya kupima sasa kataa. Kuta zetu hizi za tofali na plasta hazijawahi kunyooka, weka skwea kwenye kona utaona mwanga unapita, alafu makabati yakifungwa yanasogea senti mbili tatu na sinki inahama nayo, wakati jiwe limeshatobolewa na huwezi kulishona upya kama suruali. Makabati yafungwe kwanza yakae levo, sinki na jiko la gesi uwe nazo mkononi, ndo apime.

Milimita 20 si mbaya ila atandike plaiwudi chini yake. Ya 30 inajibeba, lakini jua uzito wake, kaunta ya upana wa senti 60 kila mita moja inakaribia kilo 50, sa makabati ya mbao laini yatalia.

Kwenye lori lisimame wima, limefungwa, lisilale kabisa. Mi mwenyewe langu vijana wanne walilibeba bapa kama meza ya harusi, likakatika tii pale mbele ya sinki, ule mkanda mwembamba unaobaki baada ya kutoboa. Kwa safari hiyo yote ya kupita Karuma ningewaambia shimo la sinki walikatie kwako, ila wakate na maji, manake lile vumbi jeupe lina silika inaharibu mapafu na watoto watataka kuja kuchungulia.

Na kabla hujalipa omba kipande kidogo cha jiwe lenyewe. Kamulia limau, acha kama robo saa, ufute. Pakibaki alama iliyofifia basi hiyo ni marumaru au chokaa, si graniti. Kisha chukua kitambaa cheupe na ile dawa ya kutolea kutex usugue, kitambaa kikitoka cheusi ujue jiwe limepakwa rangi na baada ya muda litaanza kupauka pale unapooshea vyombo (wauzaji hawapendi kipimo hiki, wengine wananuna kabisa).

Sufuria ya moto haina shida, sigiri ndo usiweke juu, inachoma sehemu moja masaa mengi na jiwe linaweza kupasuka. Kinu cha simsim nacho kibaki sakafuni.