Burudani ya Bure Angani kwa Mzee Anayezungumza Kiswahili

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Tanga ambaye baba yake anajiandaa kwenda Kanada kumwona mjukuu aliyezaliwa huko. Aliniuliza atapata wapi filamu za bure za kumwekea mzee kwenye simu ili safari isimchoshe. Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, lakini jambo lenyewe linastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu nimelipitia na mama yangu mzazi na ninaamini kwamba wengi wetu tunaowapeleka wazazi ughaibuni tunaanzia mahali pasipofaa. Tunaanza na filamu, ilhali mzee anahitaji kwanza sauti, tena sauti inayosema lugha yake.

Mama yangu alikulia Unguja, Kiingereza hakijui, na macho yake hayavumilii tena maandishi madogo yanayopita chini ya picha. Nilipomsindikiza Marekani kwa dada yangu, tukipitia Ghuba, skrini iliyokuwa mbele ya kiti chake ilijaa filamu za Kiingereza, Kiarabu, Kihindi na Kifaransa, lakini ya Kiswahili haikuwamo hata moja. Hilo nilikuwa nimelitarajia, na simu yake nilikwishaiandaa wiki kadhaa kabla. Ndugu mmoja wa karibu aliyekuja kutuaga aliniona nikimwonyesha Mama namna ya kufungua rekodi, akasema mbele yake kwamba najisumbua bure, mzee atalala tu njia nzima. Mama hakujibu kitu. Mimi kauli ile inaniuma hadi leo, kwa maana ilimzungumzia mtu aliyesimama pale pale, mwenye akili zake timamu, kama kwamba alikuwa sanduku la kupitishwa kwenye mizani.

Nilichomwandalia kilianzia kwenye kitabu cha zamani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja na baadaye kuwa askofu, alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Haki za kitabu hicho zilikwisha muda mrefu, kwa hiyo kinapatikana bure na kwa halali katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, ambako unaweza kukipakua kizima. Ndani yake zimo hadithi ambazo Mama alizisikia utotoni, kikiwamo kisa cha punda wa dobi, ambamo kima anamwambia papa kwamba kima huziacha roho zao mitini wanapotembea. Nilimpa binti yangu kazi ya kuzisoma kwa sauti jikoni jioni, baada ya kumaliza masomo yake, huku simu ikirekodi. Maneno mengine yalimshinda, kwa kuwa ni Kiswahili cha zaidi ya karne moja na nusu, na badala ya kuyaruka alimwita bibi yake amweleze. Maelezo hayo nayo niliyaacha ndani ya rekodi.

Tulipokuwa angani, taa zikiwa zimezimwa na abiria wengi wamelala, nilimwona Mama amekaa wima, waya wa hedifoni umepita chini ya mtandio wake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichojitahidi kukizuia. Alinivuta mkono akanipa upande mmoja wa hedifoni nisikilize. Kumbe hakuwa anamcheka kima wala papa. Katikati ya sentensi ya mjukuu wake jogoo wa jirani alikuwa amewika, naye alimtambua. "Huyu si jogoo wa kina Mwanaidi huyu?" akaniuliza. Alisikiliza, akalala, akaamka akasikiliza tena, na tulipotua alikuwa na hamu ya kumsimulia dada yangu.

Rekodi za nyumbani hazitatosha safari nzima, na hapo ndipo vyanzo vingine vinapoingia. Idhaa ya Kiswahili ya DW ya Ujerumani imetayarisha michezo ya redio yenye waigizaji na visa vya kuendelea, kama vile Noa Bongo na ule wa upelelezi uitwao Karandinga. Kwa mtu aliyezoea redio, michezo ya namna hii hupitisha muda vizuri kuliko filamu asiyoielewa. Kwa watoto kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, wenye hadithi fupi za picha, nyingi zikiwa za Kiswahili, zinazoweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Msafiri anayependa maarifa aweke Kiwix, programu inayomwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima katika faili moja na kutafuta ndani yake kama kwamba yuko mtandaoni. Na anayekijua Kiingereza asiache kutembelea LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea wanasoma kwa sauti vitabu ambavyo haki zake zimekwisha.

Watu huogopa kwamba mambo haya yatamaliza kifurushi cha intaneti na kujaza simu. Hesabu haiko hivyo. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango ambacho LibriVox hukitoa, huchukua takriban megabaiti 29 kwa saa. Ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, safari iliyozinduliwa Oktoba 2018, hukaa angani kama saa 15 inapokwenda. Sauti ya kujaza muda wote huo haifiki megabaiti 450, wakati filamu moja yenye picha safi inaweza kuzidi hapo. Sauti ina faida nyingine pia, kwamba simu hufanya kazi skrini ikiwa imezimwa, na betri hudumu.

Betri yenyewe inahitaji kufikiriwa mapema. Pawabanki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi tu, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, na kwa kawaida isizidi wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 inayouzwa madukani kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, hivyo imo ndani ya kiwango. Lakini kuruhusiwa kuibeba si kuruhusiwa kuitumia: shirika la Emirates, kwa mfano, limepiga marufuku kuitumia ndani ya ndege tangu tarehe 1 Oktoba 2025. Simu ya mzee iingie ndegeni ikiwa imejaa chaji.

Ninalosisitiza kuliko yote ni kujaribu kabla ya kuondoka. Kitu kinaweza kuwa cha bure na bado kisifunguke angani, kwa sababu programu nyingi huomba mtandao ili zihakikishe wewe ni nani au zikuonyeshe tangazo. Usiku wa kuamkia safari, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha umpe mzee mwenyewe aifungue, rekodi moja baada ya nyingine, wewe ukikaa kando bila kumshikia. Kinachokataa kifutwe. Kilicho faili kamili ndani ya simu, ambacho hakiombi ruhusa ya mtu yeyote, ndicho kibaki. Tumekuwa na haraka mno ya kuwafungia wazazi wetu mizigo, dagaa na unga wa ugali wa kuwapelekea wengine, bila kuwauliza watafanya nini wao katika saa hizo zote za kukaa. Waulizwe. Baba wa Tanga huenda anataka mawaidha, au nyimbo za dansi za ujana wake, au kisomo cha Kurani. Anayejua ni yeye.

Kwa safari ya kurudi, mwenyeji wenu anaweza kusaidia. Maktaba nyingi za umma za Marekani na Kanada huwapa wakazi kadi bila malipo, na kadi hiyo hufungua programu ya Libby, ambayo huazimisha vitabu vya kusoma na vya kusikiliza vinavyopakuliwa kabisa. Vingi ni vya Kiingereza, hivyo vitamfaa zaidi anayemsindikiza mzee kuliko mzee mwenyewe. Viazimwe siku mbili tatu kabla ya kuondoka, na tarehe ya mwisho iangaliwe kwanza, kwa maana muda ukiisha kitabu hujirudisha chenyewe hata kama hujamaliza kukisoma.