Kwa nini kisima cha gesi bahari kuu hakichorongwi kama kisima cha maji cha Dodoma

Mkuu wa Ihumwa, umeuliza hivi: rigi ya maji hapa Dodoma inashusha mita 120 kwa siku moja au mbili kwa nyundo na kompresa, sasa kwa nini kisima kimoja cha gesi bahari kuu kinashikilia meli nzima kwa wiki kadhaa, na hayo majina ya raiza, BOP na kesingi ya inchi 20 yana kazi gani? Tufuate shimo lenyewe kutoka juu kwenda chini. Ukikariri majina peke yake hutaambulia kitu.

Kinachotenganisha visima hivi viwili ni presha kuliko kina. Mwamba wetu hapa ni graniti kongwe. Shimo linasimama lenyewe, na maji yakipatikana kwenye nyufa yanapanda hadi usawa wake yakatulia. Hewa inatosha kwa kuwa hakuna kinachosukuma kwa nguvu kutoka chini. Gesi iliyobanwa kwenye mchanga mgumu chini ya tabaka za mfinyanzi haina upole huo. Inazuiwa na uzito wa matope ya kuchorongea, yaani madi. Hesabu yake: presha kwa bar = 0.0981 × uzito wa madi (maji baridi yakiwa 1.00) × kina cha wima kwa mita. Ukishika hiyo, mengine yote yanafuata.

Songo Songo (gesi yake iligunduliwa 1974) na Mnazi Bay (1982) tuziweke kando, maana hizo ni za nchi kavu na maji mafupi. Zafarani, gesi iliyogunduliwa 2012 katika Kitalu namba 2 cha bahari kuu ya Tanzania, ina maji ya karibu mita 2,600. Rigi ya miguu haifiki huko, inaishia kwenye maji ya mita mia moja na kitu. Inakwenda meli ya kuchorongea isiyotia nanga: mapangaboi yake yanaongozwa na kompyuta na setilaiti ili ibaki juu ya shimo muda wote.

Kazi inaanza bila raiza, yaani bomba linalounganisha meli na kisima. Bomba la inchi 36 linashushwa na kuzamishwa kwenye tope la sakafu ya bahari, biti (kichwa cha kuchorongea) iliyo ndani yake ikirusha maji kulainisha njia. Likifika mita 70 au 80 linaachwa kwa saa kadhaa tope lilishike. Ukiliachia mapema linaendelea kuzama, na msingi wote wa kisima umeharibika. Kisha shimo la inchi 26 linachorongwa kwa maji ya bahari, na kila baada ya muda inasukumwa shehena ya madi mazito kama uji kusafisha. Chenga za mwamba zinamwagika palepale sakafuni. Hatari ya hatua hii ni gesi au maji yenye presha yaliyo karibu na sakafu, kwa sababu hakuna cha kufunga. Ndiyo maana eneo linapimwa kwanza kwa mitetemo, na wengine hutanguliza shimo jembamba la majaribio.

Inafuata kesingi ya inchi 20, yaani bomba la chuma la kushikilia kuta za shimo, yenye kichwa cha kisima juu yake, nje yake ikijazwa saruji hadi sakafuni. Hapo ndipo BOP, mtambo wa kuzuia mlipuko wenye uzito wa tani mia tatu na zaidi, unateremshwa ukining'inia kwenye raiza. Raiza ni bomba la inchi 21 linalounganishwa kipande kwa kipande, kila kimoja mita 23 hadi 27. Kwa maji ya mita 2,500 unahitaji kama vipande mia moja. Hesabu siku zinazoishia hapo kabla biti haijagusa mwamba tena.

Sasa madi yanazunguka: yanashuka ndani ya rodi (bomba linalozungusha biti) na kurudi kupitia raiza, ambayo peke yake inameza zaidi ya mita za ujazo 400. Kwa upana wake madi yanapanda polepole na chenga zinataka kuzama, hivyo kuna bomba la pembeni la kuyaongezea kasi kutoka chini ya raiza.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Chukua maji ya mita 2,500 na shimo la mita 4,000 kutoka juu. Madi ya 1.15 yanatoa bar 451. Tuseme gesi ina bar 440, umeizidi kwa 11. Meli ikisukumwa na kulazimika kuachia raiza, mita 2,500 za madi zinageuka maji ya bahari ya 1.03: unapoteza bar 29, na gesi imekushinda. Lazima taya za BOP zifunge kabla ya kuachia. Kwa nini usitie madi ya 1.28 ili uwe salama hata bila raiza? Kwa sababu raiza ikiwa imeunganishwa yanaleta bar 502, na mwamba wa huko unapasuka mapema: mita 2,500 za kwanza zinazoukandamiza ni maji matupu, si mawe. Ukipasuka madi yanapotelea humo, usawa unashuka, na gesi inaingia. Kesingi nyingi za inchi 13⅜ na 9⅝ zinatokana na wembamba wa nafasi hiyo kati ya presha ya gesi na presha ya kupasua mwamba.

Gesi ikiingia, yaani kiki, dalili ni hizi: madi yanayorudi yanazidi yanayoshuka, matangi yanajaa, biti inaongeza kasi ghafla, au pampu zimezimwa lakini kisima kinaendelea kutiririka. Inua biti, zima pampu, angalia mtiririko, funga, soma presha ya rodi. Ikisoma bar 20 kwenye mita 4,000, ongeza 20 ÷ (0.0981 × 4,000), yaani 0.05. Madi ya 1.15 yanakuwa 1.20. Gesi ikishavuka BOP na kuingia kwenye raiza umechelewa, inabaki kuielekeza nje ya meli tu.

Pia sakafu ya huko ina baridi kama ya friji. Gesi na maji kwenye presha hiyo huganda na kuziba mabomba ya choki (ya kutolea gesi taratibu kisima kikiwa kimefungwa), ndiyo maana glaikoli inachanganywa mapema.

Kwa mnaofuatilia utafutaji wa mafuta wa Eyasi Wembere: hiyo ni nchi kavu, raiza haipo na BOP inakaa chini ya jukwaa la rigi, unaweza kuishika kwa mkono. Hesabu ya madi na hatua za kiki hazibadiliki. Vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wakipata ripoti ya kisima, waangalie kwanza kina kimepimwa kutoka wapi: mara nyingi ni kutoka jukwaa la rigi, si usawa wa bahari. Na kuna jambo hukaguliwa kila zamu lakini vitabuni hupitwa haraka: taya za kukatia za BOP hukata mwili wa rodi, mara nyingi haziwezi kiungo chake kinene, kwa hiyo mchorongaji lazima ajue viungo vimesimama wapi kabla hajabonyeza kitufe.