Nyumbufu, nyambua na legevu: majibu kwa wasomaji

*Shikamoo Mwalimu. Ofisini kwetu Posta wametangaza "ratiba nyumbufu". Ni Kiswahili kweli, au wamebuni? (Msomaji, Mbagala)*

Marahaba. Ni Kiswahili, tena kizuri. Kitenzi chake ni nyumbua: kuvuta au kupinda kitu bila kukikata. Ukindu mkavu hukatika, ndiyo maana wasuka mikeka huulowesha kwanza ili unyumbuke. Kiambishi -fu ni kilekile kinachotupa pungufu kutokana na pungua.

Basi ratiba nyumbufu ni ile inayosogezeka: wewe unayekwama kwenye foleni ya Mbagala uingie saa 3 badala ya saa 2, mradi utimize saa zako. Lakini mwajiri akibadilisha zamu usiku bila kukuuliza, hiyo ni ratiba isiyotabirika. Usikubali jina zuri lifunike usumbufu.

*Mwanangu ameandika "mnyumbuliko wa vitenzi" akakosolewa. Tofauti iko wapi? (Mama wa mwanafunzi, Tabata)*

Iko kwenye irabu moja: nyumbua na nyambua. Kunyambua ni kuchana vipande vipande, kama unavyomnyambua kuku aliyeiva. Wanasarufi wamelichukua neno hilo kwa vitenzi: pika, pikia, pikika, pikisha, pikiana. Istilahi iliyozoeleka shuleni ni mnyambuliko, na aiandike hivyo. Mwambie hata hivyo kwamba hakuwaza vibaya, mama. Kitenzi kinapoongezewa viambishi kinarefuka, na mtoto aliyeona kitu kinachovutika ametazama lugha kwa makini. Natamani aelezwe hivyo badala ya kuwekewa alama ya kosa tu.

*Niandike "mpango nyumbufu" au "mpango mnyumbufu"? Na mtu je? (Mhariri kijana, Sinza)*

Mpango mnyumbufu, mipango minyumbufu, kitambaa kinyumbufu, utaratibu mnyumbufu. Sheria nyumbufu haionyeshi kiambishi kwa sababu ya ngeli yake, na nadhani hapo ndipo wengi wanapopotelea, wakaacha kupatanisha kila mahali.

Kwa mtu, mnyumbufu ni sahihi, ila wasikiaji wengi watafikiria viungo vya mwanasarakasi. Ukikusudia tabia, andika "mwepesi wa kubadilika". Ni maneno matatu, lakini hakuna atakayekuuliza ulimaanisha nini.

*Je, legevu ni kisawe cha nyumbufu? (Msomaji, Kigamboni)*

Hapana. Kilicholegea hakijakazwa. Upinde ni mnyumbufu, na ukilegea haurushi mshale.