Jibu: Kukataa kupuliza kipimo cha pombe ukiwa kwenye boti, Minnesota

Salaam ndugu. Umeuliza kama unaweza kukataa kupuliza kipimo ziwani, maana hukusaini chochote. Hapa Minnesota hakuna cha kusaini: ukishaendesha boti ya injini, sheria inakuhesabu umekubali kupimwa. Ukikamatwa kwa ulevi kisha ukagoma kupuliza, kule kugoma kwenyewe ni jinai, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu hilo mwaka 2016. Kupima damu ni mpaka waje na hati ya mahakama. Kikomo cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.08, kama kwenye gari.

Cheki kwanza: boti ilikuwa inatembea? Kama ilitia nanga, au mlikuwa mnapiga makasia, sheria hiyo ya ulevi haiwagusi. Mimi nilisimamishwa kwenye Ziwa Minnetonka nikiwa na kopo la soda mkononi. Askari akalinusa, akahesabu jaketi za kuokolea, akaenda zake.