Kadi ya pikipiki ina jina la nani?

Mwanangu Tumaini,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, ya pili nikaona bora nikae. Unauliza kama shilingi 1,200,000 zitatosha kukutoa hapa Mbeya na hiyo pikipiki yako ya cc 150 hadi Livingstone, Zambia, kwenye Maporomoko ya Victoria, na kukurudisha, peke yako, Oktoba.

Mafuta hayatakushinda. Kwenda tu ni kama kilomita 1,600, kwenda na kurudi 3,200. Ikienda kilomita 40 kwa lita ukiwa na mzigo, ni lita 80. Hata tukiweka 4,000 kwa lita, ni 320,000. Hela ya msafiri huisha akiwa amesimama. Enzi navusha mchele mpakani Tunduma nilikwama siku tatu kwa karatasi moja iliyoandikwa jina la mama yako mdogo badala ya langu. Gesti, chakula, mlinzi wa magunia: faida ikaisha kabla gunia moja halijaingia Nakonde, upande wa Zambia.

Sasa niambie, kadi ya pikipiki ina jina la nani? Uliinunua kwa yule kijana wa Mwanjelwa, na nakujua, umiliki hukubadilisha. Anzia TRA kabla hujanunua hata glavu. Forodhani watakupa kibali cha muda cha kuiingiza Zambia, nao wataanza na jina hilo. Kibali hicho kitunze, utakionyesha ukitoka.

Halafu kuna kadi mbili za njano, watu huzichanganya. Moja ni ya bima ya COMESA, ya kukulinda ukiwa nje ya nchi. Iombe palepale ulipokatia bima yako. Nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Mpakani vijana watakufuata na mabunda ya noti. Pita. Zambia walifuta sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, na jirani yangu wa sokoni aliwahi kupewa bunda la noti za zamani. Alifika nalo Isoka ndipo muuza mafuta akamcheka. Badilisha dukani, uhesabu mwenyewe.

Ukishavuka, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Usidhani umeongezewa mchana. Nakonde hadi Mpika ni zaidi ya kilomita 350, na usiku barabara ile ni ya malori. Likiharibika moja, dereva hutandika matawi ya miti nyuma yake, hiyo ndiyo taa yake. Giza likikukuta Chinsali, lala Chinsali.

Vipuri visizidi mfuko mmoja: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, waya wa klachi, plagi, spana zake. Lakini nitataka nikuone ukifungua tairi la nyuma hapa uani, uzibe pancha, ulirudishe, fundi akiwa kwake. Ukishindwa hapa penye kivuli na chai, porini utamlipa yeyote atakayetokea, kwa bei atakayoitaja.

Na kwa nini Oktoba? Ni joto kali, na upande wa Zambia maporomoko hubaki mwamba mkavu sehemu kubwa. Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Sasa uende kilomita zote hizo ukakose moshi na mngurumo? Nenda Juni. Mvua zimekwisha, maji bado yapo. Asubuhi ni baridi, vaa gazeti kifuani chini ya koti kama alivyofanya marehemu baba yako akienda Makambako.

Kwa hiyo inatosha, ukitenga 300,000 ambayo huigusi mpaka siku ya kurudi au siku umekwama. Hiyo nitaishona mwenyewe kwenye pindo la koti. Lilete Jumapili, na kadi ya pikipiki uje nayo niisome.

Mama yako