MikroRNA moja huzuia saratani ya mapafu, nyingine huichochea: inawezekanaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasomea maabara ya tiba, niko mwaka wa mwisho. Tunafundishwa kwamba mikroRNA hazitengenezi protini yoyote, halafu nasoma kwamba baadhi yake huchochea saratani ya mapafu na nyingine huizuia. Kitu kisichotengeneza protini kinaamuaje kama uvimbe utakua au utasambaa? Na je, mgonjwa anaweza kupimwa mikroRNA au kutibiwa nazo?

JIBU: Marahaba. Kazi ya mikroRNA ni kunyamazisha, na nguvu yake yote imo humo. Ni kipande kifupi cha RNA, takribani nyukleotidi 22, yaani herufi 22 za RNA. Huanza ikiwa uzi mrefu ndani ya kiini cha seli. Kimeng'enya kiitwacho Drosha huukata, kisha nje ya kiini kimeng'enya kingine, Dicer, huukata tena, na uzi unaobaki hupakatwa na protini ya Argonaute. Sehemu inayotafuta shabaha ni ndogo mno: nyukleotidi ya pili hadi ya nane. Zikioana na mfuatano ulioko kwenye RNA mjumbe, yaani nakala inayobeba maagizo ya jeni ya kutengeneza protini, ujumbe huo hausomwi au huvunjwavunjwa, na protini yake hupungua. Kwa kuwa herufi chache hivyo zinatosha, mikroRNA moja hugusa mamia ya jeni.

Basi kabla ya kuuliza kama mikroRNA fulani ni nzuri au mbaya, uliza inanyamazisha nini, na katika seli ipi. Ikinyamazisha jeni inayoisukuma seli igawanyike, inafanya kazi ya breki. Ikinyamazisha breki yenyewe, uvimbe umepata njia.

Chukua mikroRNA iitwayo let-7, ambayo kwa binadamu hushika ujumbe wa jeni za RAS, ikiwemo KRAS, zinazoisukuma seli igawanyike. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao wa mapafu ulikuwa na let-7 kidogo waliishi muda mfupi zaidi baada ya upasuaji. Mwaka uliofuata uhusiano wake na RAS ukawekwa wazi. Wanafunzi wengi huteleza hapa: let-7 ikipungua, jeni ya KRAS haibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni kiasi cha protini. Kama KRAS tayari ina mabadiliko ya kurithishwa kutoka seli hadi seli ndani ya uvimbe, basi protini mbovu sasa inatengenezwa kwa wingi.

miR-21 ni upande wa pili. Hupanda katika saratani nyingi, ya mapafu ikiwemo, na miongoni mwa inazozinyamazisha ni PTEN, ambayo kazi yake ni kuidhibiti njia ya AKT, ishara inayoiambia seli iendelee kuishi. PTEN ikishuka, AKT hubaki imewaka, na seli iliyopaswa kufa inaendelea kuishi.

Kuhusu kusambaa, somo ninalolipenda kuliko yote ni miR-200. Seli zinazotanda ndani ya njia za hewa hushikana kwa protini ya E-kadherini. Protini nyingine, ZEB1, huzima jeni ya E-kadherini. Seli zikaachana, zikabadili umbo na kuanza kutembea. miR-200 huinyamazisha ZEB1. Lakini ZEB1 nayo huzima jeni za miR-200! Kila mmoja anamkandamiza mwenzake, kwa hiyo seli huelemea upande mmoja au mwingine, na ishara kutoka nje, kama TGF-beta, zinaweza kuigeuza. Katika panya wenye mabadiliko ya Kras na ya p53, jeni inayozuia uvimbe, seli za saratani ya mapafu zilizorudishiwa miR-200 zilipoteza uwezo wa kusambaa.

Usiharakishe kuiita miR-200 mkombozi, hata hivyo. Katika saratani ya matiti imeonekana kuzisaidia seli zilizokwishafika kwenye kiungo kingine zishikane tena na kuota hapo.

Vipimo: mikroRNA hudumu vizuri katika plazma, sehemu ya majimaji ya damu, kwa sababu hulindwa na Argonaute au hufungwa ndani ya vifuko vidogo vya utando. Watafiti wa Italia wamechunguza mkusanyiko wa mikroRNA 24 katika damu ya wavutaji sigara waliokuwa wakipigwa picha za mapafu za CT, zenye dozi ndogo ya mionzi. Kwako wewe wa maabara, hatari iko kwenye sampuli. Chembe nyekundu zimejaa miR-451a na miR-486. Zikipasuka kidogo tu wakati wa kuchukua damu, matokeo yatakuonyesha chembe zilizopasuka na wewe utadhani unaona saratani. Kagua hemolisisi, yaani huko kupasuka kwa chembe, kwanza, kisha ndiyo usome kingine.

Tiba imekuwa ngumu zaidi. MRX34, nakala ya miR-34a (mikroRNA inayozuia uvimbe) iliyobebwa ndani ya mafuta, iliingia kwenye majaribio kwa wagonjwa wenye uvimbe wa aina mbalimbali, na mwaka 2016 majaribio yalisitishwa kwa sababu ya madhara makali ya mfumo wa kinga. Mgonjwa akikuuliza leo, mwambie waziwazi kwamba hakuna dawa ya mikroRNA iliyoidhinishwa kwa saratani ya mapafu. Vipimo vinavyosaidia kumchagulia dawa ni vya jeni za EGFR na ALK na vya protini ya PD-L1, kutoka kwenye kinyama cha uvimbe wake, na hivyo visicheleweshwe hata siku moja.